Ukungu na ukungu: shajara ya pipa moja la Pinot Noir

20 Agosti 2023

Mwaka huu nimeamua. Baada ya misimu mitatu ya kuosha mapipa ya watu na kuchachua zabibu za masalia kwenye ndoo, nanunua nusu tani ya zabibu nyekundu za Pinot Noir kwa fedha yangu na kutengeneza pipa moja gerejini kwangu, hapa Santa Rosa, California. Sheria ya Marekani inairuhusu nyumba yenye watu wazima wawili kutengeneza galoni 200 za mvinyo kwa mwaka, yaani lita 757, mradi usiuze hata chupa moja. Mimi sitafika hata nusu yake. Msimu uliopita vipimo vyangu niliviandika kwenye maboksi ya hamira, mke wangu akafanya usafi, na habari yote ikaishia jalalani. Ndiyo maana safari hii kuna shajara.

Shamba liko kusini ya hapa, upande wa Petaluma, kwenye eneo linaloitwa Petaluma Gap. Ni pengo katika milima ya pwani, linaanzia Bodega Bay na kutokea San Pablo Bay. Maji ya Pasifiki kwenye ufuko huu ni ya baridi hata mwezi wa Agosti, maana upepo wa kaskazini-magharibi huyasukuma maji ya juu kando na yale ya chini, yenye baridi, hupanda kushika nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu. Huku bara nako Bonde Kuu la California linachemka kwa jua, hewa yake inapanda, na kinachokuja kuziba nafasi ni hewa ya baharini, kupitia kila upenyo inaoupata. Jioni ukungu unaingia shambani kama mwenye nyumba mwenye ufunguo wake. Asubuhi unakaa hadi saa nne, saa tano, ndipo upepo unapoanza.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Kwetu mzabibu haulali. Unapogolewa, unachipua, unavunwa, na mwaka haujaisha unavunwa tena, na jua ni lile lile. Hapa mzabibu hulala kipupwe kizima na una nafasi moja tu ya kukupa kitu. Nilipompigia mjomba, ambaye analima zabibu nyekundu za makutupora mpaka leo, nikamwambia shamba langu linashinda kwenye ukungu nusu ya siku, alinyamaza kidogo.

"Ukungu upi, mjomba?"

Nilicheka, lakini ndilo swali lenyewe. Kiswahili kina neno moja kwa ukungu unaotanda juu ya milima na ukungu unaoota juu ya mkate, na mkulima wa zabibu hana sababu ya kutaka mawili. Wa kwanza ukizidi kukaa, unamwita wa pili.

17 Septemba

Nimekwenda shambani na kipimasukari. Briksi 20.1, yaani sukari ni kama asilimia 20 ya juisi. Miaka mingine tarehe kama hii Pinot ya huku iko ndani ya matenki. Mwaka huu bado tunaikodolea macho. Mvua za masika yao zilikuwa nyingi, kiangazi kikawa cha baridi, kila kitu kimechelewa, na si kwetu tu, ni California yote ya pwani.

Mwenye shamba, mzee mmoja aliyewahi kufuga ng'ombe wa maziwa kwenye mteremko huo huo, hana haraka. Anang'oa punje, anaifyonza, anatema mbegu kwenye kiganja na kuziangalia rangi. Zikiwa za kijani, anakung'uta mkono na kuondoka. Leo amekung'uta.

Faida ya kuchelewa naijua kwa vitabu, lakini leo nimeionja. Joto la usiku ndilo linalokula uchachu wa zabibu: mmea unapumua, na katika kupumua unaichoma asidi ya maliki. Usiku ukiwa wa baridi, asidi inabaki. Kwa hiyo hapa utamu unapanda polepole, harufu inajijenga, na ule ukali wa kukunja uso haukimbii. Upepo nao una kazi yake. Ukivuma sana, majani yanafunga vile vitundu vyake vya kupumulia, na mmea unapunguza kazi. Mizabibu ya huku ni kama mtu anayefanya kazi saa nne kwa siku, lakini kwa miezi mingi.

Hasara nayo nimeiona. Vichala vya Pinot vimebanana punje kwa punje, wanasema hata jina limetokana na tunda la msonobari, kwa lile umbo lake. Ganda ni jembamba. Umande ukiingia katikati ya kichala, hautoki. Upande wa bondeni, ambako upepo haufiki vizuri, nimepasua kichala kimoja na ndani mlikuwa na manyoya ya kijivu. Botritisi. Ukungu umeshamwita ukungu.

Mjomba nilimtumia picha. Akajibu: "Hiyo siyo ubwiri unga. Salfa haitakusaidia." Kweli. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, unatimuliwa na vumbi la salfa, Dodoma kama hapa. Huu wa kijivu dawa yake ni hewa na mkasi. Mzee ameshaondoa majani upande wa jua la asubuhi ili vichala vikauke mapema.

28 Septemba

Briksi 23.2 jana. Mbegu za kahawia. Mzee amepiga simu: Jumamosi alfajiri, leta watu wako.

Watu wangu ni mke wangu na rafiki yetu mmoja wa Limuru, Kenya.

30 Septemba

Tumeamka saa nane usiku. Shambani nyuzijoto 9, ukungu mzito kiasi kwamba taa za kichwani zilikuwa zinaangaza ukungu na si mizabibu. Wa Limuru alijifunika kofia ya sufi, akasema, "Hii ni Julai ya kwetu kabisa, imekosa majani chai tu." Ndiye pekee aliyekuwa amevaa vizuri.

Kuvuna usiku si mbwembwe. Zabibu ikikatwa baridi inafika nyumbani baridi, haianzi kuchachuka ndani ya gari, na ganda linabaki gumu.

Saa mbili asubuhi mizani ilisoma kilo 453. Tukaweka ubao juu ya matenga, tukachambua kichala kimoja kimoja. Kazi hiyo ilichukua saa tano, na ndiyo saa tano muhimu kuliko zote za mradi huu. Kanuni yetu ilikuwa moja: ukiona kijivu, au punje ya rangi ya zambarau iliyofifia inayobanduka ganda ukiigusa, kata, ukiwa na shaka, nusa, ukinusa siki, tupa kichala kizima. Tulitupa kilo 38. Iliniuma, maana kila kilo nimeilipia.

Kwa nini ukali wote huo? Kuna watu, kama wale wa Sauternes kule Ufaransa, wanaosubiri botritisi kwa hamu, maana hukausha zabibu nyeupe na kuacha asali. Kwa mvinyo mwekundu ni msiba. Ukungu huo unaacha kimeng'enya kiitwacho lakasi, na lakasi inakula rangi. Mvinyo uliokuwa mwekundu Jumatatu unageuka kahawia Ijumaa. Na Pinot haina rangi ya kugawa. Zabibu nyingi nyekundu zina aina kadhaa za viini vya rangi, baadhi vikiwa na kinga ya ziada. Pinot ina vitano vya kawaida tu, vile visivyo na kinga. Ni kabila la maskini kwa upande huo.

Mashine ya kuchambua vikonyo tumekodi. Nilitaka kuacha vichala vizima asilimia 20, kama wafanyavyo wengi Burgundy kule Ufaransa, vikonyo vitoe harufu ya viungo. Mzee aliniambia nitafune kikonyo kwanza. Nilitafuna. Ni kama kutafuna bua la mtama bichi. Vikonyo vyote vimetolewa.

Vipimo vya leo: Briksi 23.4, pH 3.38 (namba ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa), asidi gramu 7.4 kwa lita. Kwa mtoto wa Dodoma hizi ni namba za ndimu.

Salfaiti, dawa ya kuzuia vijidudu na hewa visiharibu mvinyo: nilipanga miligramu 30 kwa lita, nikapandisha hadi 50 kwa sababu ya ule ukungu. Uji wa zabibu ni kama lita 380, kwa hiyo nahitaji gramu 19 za salfa dayoksaidi. Unga wa metabaisalfaiti unatoa asilimia 57.6 tu ya uzito wake; nikapima gramu 33. Nimeandika hesabu yote kwa sababu mwaka jana nilikosea kwa kusahau hiyo asilimia.

2 Oktoba

Mpango wa awali ulikuwa siku tano za kuloweka kwenye baridi, na barafu kavu, ili maganda yatoe rangi kabla pombe haijaanza. Nimeufuta. Ukiwa na wasiwasi wa lakasi, huiachii siku tano za kula kimya kimya. Nimeloweka usiku mbili tu, nikaamua kuanza.

Hamira gramu 95, iliyotolewa asili yake Burgundy. Maji ya nyuzi 40, dakika ishirini, kisha nikaichanganya kidogo kidogo na juisi mpaka tofauti ya joto ikawa chini ya nyuzi 10. Hamira ukiitupa kutoka maji ya moto kwenda juisi ya baridi inakufa kwa mshtuko, nawe utakaa siku nne ukiisubiri kama basi la kijijini.

Rangi ya juisi: waridi. Si nyekundu. Waridi.

4 Oktoba

Imeamka. Maganda yamepanda juu na kutengeneza kofia nene ya shubiri moja na nusu. Nazamisha kofia mara tatu kwa siku kwa ubao wenye mpini, alfajiri, jioni nikitoka kazini, na kabla ya kulala. Mlango wa gereji lazima uwe wazi. Hewa ya ukaa inayotoka hapo haina harufu, inakaa chini, na kila msimu mahali fulani duniani inamuua mtu aliyeinama kwenye tenki. Nikiwa na watoto nyumbani, nimefunga mlango wa ndani kwa kufuli.

Joto chini ya kofia ni nyuzi 26. Usiku gereji inashuka hadi 11. Nimezungushia blanketi.

6 Oktoba

Mayai viza. Nimefungua kifuniko asubuhi nikarudi nyuma hatua mbili. Petaluma ilikuwa inajulikana kwa mayai miaka mingi kabla ya mvinyo, ndiko ilikotengenezwa mojawapo ya mashine za mapema za kutotolea vifaranga, mwaka 1879, na nikadhani labda ardhi bado inakumbuka.

Utani pembeni, kosa ni langu. Hamira ikikosa naitrojeni ya kutosha inaanza kutoa haidrojeni salfaidi, na aina hii ni mlaji mkubwa. Chakula chake nilikiweka nusu, nikijidai nataka mvinyo "wa asili". Leo nimeongeza kilichobaki, nikachota juisi kwa chini na kuimwaga juu kutoka urefu wa mkono mara ishirini ili ipate hewa. Jioni harufu ilikuwa imepungua. Mke wangu amesema imehamia kwenye nguo zangu.

7 Oktoba

Harufu imekwisha. Briksi 9. Kofia nyuzi 31. Leo gereji inanukia jamu ya matunda na udongo uliolowa mvua, na nimesimama pale bila kazi kwa nusu saa.

Lakini rangi. Nimemimina glasi, nikaiweka juu ya gazeti. Maandishi yanasomeka yote. Nikampigia mjomba kwa video.

"Shikamoo mjomba. Tazama."

"Marahaba. Hiyo ni rosela."

"Ni mvinyo, mjomba. Bado unachachuka."

"Mimi naona rosela. Tena uliyoweka maji mengi."

Mjomba amezoea makutupora, ambayo ukiimwagia shati huna shati tena. Nilimweleza kuhusu ganda jembamba, na baridi, na zile aina tano za rangi. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama nimejaribu kuongeza muda wa maganda.

Nimejaribu. Usiku huu nimezamisha kofia mara mbili zaidi ya ratiba, kwa hasira, na ninaandika hapa ili nikumbuke kwamba ilikuwa hasira. Ukiyapondaponda maganda na mbegu wakati pombe imeshapanda, unachopata si rangi. Sehemu kubwa ya rangi ya Pinot hutoka mapema, kwenye juisi. Mwishoni mbegu ndizo zinazotoa, nazo zinatoa tanini chungu.

11 Oktoba

Briksi chini ya sifuri, yaani sukari imekwisha. Tumekamua kwa kikamulio cha kikapu, kile cha mbao chenye parafujo katikati. Nimesimamisha mapema, machicha yakiwa bado na unyevu. Mtu wa Limuru alitaka kuendelea kukaza. Nikamwonjesha kilichokuwa kinatoka wakati huo, akaachia mpini mwenyewe.

Jumla lita 261. Pipa la mwaloni la lita 228, limeshatumika misimu mitatu kwa hiyo halitatawala, limejaa. Zilizobaki ziko kwenye mtungi wa kioo wa lita 23 na miwili ya lita 5. Machicha tumeyamwaga chini ya miti ya matunda uani.

12 Oktoba

Jaribio la glasi. Ni la zamani na halihitaji maabara: unamimina mvinyo mchanga nusu glasi, unauacha wazi usiku kucha, asubuhi unaangalia. Kama lakasi ipo ya kutosha, rangi itageuka kahawia, na utaona utando wa rangi za upinde wa mvua juu yake. Nimeweka glasi mbili, moja ya wazi na moja nimeifunika, juu ya friji.

13 Oktoba

Nimeamka saa kumi. Taa ya jikoni, gazeti lile lile. Glasi ya wazi ni nyekundu ile ile nyepesi. Si kahawia. Nimeziweka pamoja, nikazizungusha, nikazibadilisha nafasi ili nijidanganye, nikashindwa kujua ipi ilikuwa wazi.

Kilo 38 haziniumi tena.

4 Desemba

Hakuna cha kuandika kwa wiki nyingi isipokuwa kujaza pipa. Mwaloni unapumua, mvinyo unapungua, na kila wiki mbili naongeza kutoka kwenye mtungi ili kusiwe na nafasi ya hewa.

Shida ni uchachushaji wa pili. Bakteria niliyoweka tangu Oktoba ilitakiwa kugeuza asidi ya maliki, ile kali kama tufaa bichi, kuwa asidi ya laktiki, ambayo ni laini kama maziwa. Nimefanya jaribio la karatasi: matone kwenye karatasi maalumu, unaisimamisha kwenye dawa usiku mmoja, kila asidi inapanda hadi kimo chake na kuacha doa. Doa la maliki lipo, nene. Bakteria hawa hawafanyi kazi vizuri chini ya nyuzi 15, na pipa liko 12. Baridi niliyoisifu shambani imenifuata ndani.

Na katika muda wote huu siwezi kuweka salfaiti, maana itaua bakteria. Mvinyo uko uchi. Nimenunua blanketi la umeme, nikalifunga pipa. Watoto wanaliita bibi.

21 Januari 2024

Doa la maliki halipo. pH imepanda hadi 3.54. Nimeweka salfaiti siku hiyo hiyo, mikono ikitetemeka kidogo kwa furaha.

Rangi imeshuka tena. Nilijua itashuka, uchachushaji wa pili na salfaiti vyote viwili hupunguza, lakini kujua hakusaidii ukiwa umeshika glasi. Picha kwa mjomba sikutuma.

9 Machi

Lazima niliandike hili kwa ukweli. Jamaa mmoja ninayefanya naye kazi alinipa lita 20 za mvinyo wa Petite Sirah, zabibu nyingine nyekundu, kutoka upande wa bara, kwenye joto. Ni nyeusi kama wino. Alisema weka kidogo tu, hakuna atakayejua. Na si haramu: hata kwa mvinyo wa kuuzwa, sheria ya hapa inataka asilimia 75 tu ya zabibu iliyoandikwa kwenye chupa. Wapo wanaofanya, na ndiyo maana Pinot nyingine dukani zina rangi ambayo Pinot haijawahi kuwa nayo.

Nikapanga glasi nne mezani. Bila kitu, asilimia 3, 5, na 10. Mke wangu alizipanga upya nikiwa nje, akaziandika namba chini.

Kwa macho, ya 10 ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo ningemtumia mjomba. Nikazinusa kwa kuzunguka, nikafumba macho, nikarudia. Kuna moja ilikuwa na cheri, na majani makavu yaliyolowa, na kitu kama chai ya rangi iliyopoa, na nyuma yake chumvi kidogo, labda ni bahari, labda ni mimi. Ya pili yake ilikuwa na vitu hivyo lakini kama viko chumba cha pili na mlango umerudishwa. Nyingine mbili zilikuwa mvinyo mwekundu mzuri wa mahali popote.

Ile ya kwanza ilikuwa ile isiyo na kitu. Asilimia 3 tu zilitosha kurudisha mlango.

Petite Sirah tumeinywa na nyama ya mbuzi, na ilikuwa tamu sana, sina ugomvi nayo.

16 Juni

Kujaza pipa. Salfaiti kidogo. Nje saa tatu asubuhi ukungu bado haujaondoka.

7 Septemba

Chupa. Nilivuta mvinyo kutoka kwenye pipa kwa mpira, polepole, ncha ikiwa sentimita kumi juu ya mashapo. Sikuchuja. Kuchuja kungeupa mng'ao zaidi, lakini maliki imekwisha na sukari haipo, hakuna kitakachoamka ndani ya chupa, na sikutaka kuupitisha popote pa kuchukua kidogo kilichopo. Wa Limuru alishika mashine ya vizibo tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, na amevunja kimoja tu.

Chupa 289. Kilevi kama asilimia 13.5 kwa hesabu ya sukari.

Mwezi wa kwanza baada ya kuziba, mvinyo huwa kama mtu aliyeshuka kwenye ndege, haongei. Nimeziweka chini ya ngazi, nikafunga mlango.

27 Desemba, Dodoma

Chupa tatu zimefika salama ndani ya soksi. Nyumbani kwa mjomba kuna joto, mvua imenyesha juzi, mizabibu imebeba na punje bado ni ngumu za kijani. Mavuno ni Februari. Nilizitia chupa kwenye ndoo ya maji yenye barafu nusu saa, maana mvinyo huu ukiunywa wa vuguvugu unasikia kilevi tu.

Tulikaa chini ya mwembe. Mjomba aliinua glasi juani. Jua la Dodoma lilipita moja kwa moja likaangukia kwenye shati lake, doa dogo jekundu linalocheza. Aliliangalia lile doa badala ya glasi.

Akanywa. Akakaa. Akanywa tena.

"Una ndimu," alisema.

"Ni ile baridi, mjomba."

"Nimesikia." Akainusa mara ya tatu, halafu akaweka glasi chini na kuanza kuniuliza: vichala mlivipunguza lini, majani mlitoa upande gani, mwaka mzima salfa mlipiga mara ngapi, na pH ni kitu gani hasa, maana kiwandani wanapima lakini hawamwambii mkulima. Nikatoa kipima pH begini. Tulikwenda shambani, tukakamua punje za kijani kwenye kikombe, akasoma namba mwenyewe, 2.8, akacheka kwa sauti. Nikamwonyesha namna ya kukiosha na kukisawazisha kwa vile vimiminika viwili. Ameandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma.

Shangazi alipokuja kuondoa glasi aliuliza kama rosela imebaki. Mjomba akamwambia imebaki, lakini ni yake.

Kipima pH kimebaki Dodoma. Kabla ya mavuno ya 2025 ninunue kingine, na blanketi la pili la pipa.